Kuteleza si Kuanguka: Funzo Kutoka Mlima wa Theluji

Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikiieleza jinsi walimu wote tunavyoieleza: kwamba mtu akikosea kidogo asihesabiwe kuwa ameharibikiwa kabisa. Sikuwahi kudhani kwamba ingenilazimu kupanda mlima wa ugenini, katika baridi ya kutoboa mifupa, ndipo niielewe barabara. Wala sikudhani kwamba methali hiyo ingekuja kunihukumu mimi mwenyewe, mwalimu wa lugha, kwa kosa nililomtendea mwanafunzi wangu.

Kisa chenyewe kina mizizi mirefu. Mnamo Februari 1998, nikiwa kidato cha tatu, Mkenya aitwaye Philip Boit alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Nagano, Japani. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 ambaye mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza kwenda juu ya theluji kwa zile mbao ndefu nyembamba ziitwazo skii. Huko Nagano alishindana katika mbio za kilomita 10, akamaliza wa 92, ambayo ndiyo nafasi ya mwisho, kwa dakika 47 na ushei. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza kwa dakika 27 na ushei. Hata hivyo, bingwa huyo hakwenda zake. Alisimama akamngoja Mkenya, na alipofika akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tuandike insha kuhusu tukio hilo. Niliandika, kwa fahari ya kizalendo, kwamba Boit "aliteleza kwa muda wa dakika 47 bila kukata tamaa". Insha yangu ilirudi ikiwa na wino mwekundu: "Aliteleza, au alishindana?" Darasa zima liliangua kicheko. Siku hiyo niliondoka na imani moja ambayo ilinikaa kichwani kwa miaka mingi, kwamba Kiswahili ni lugha ya minazi na jua, na kwamba mambo ya theluji yana wenyewe.

Miaka ikapita, nami nikawa mwenye kalamu nyekundu. Katika somo la tafsiri, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alichagua kutafsiri habari za michezo ya majira ya baridi. Aliandika "kuserereka kwa skii" na "mbio za nyika za theluji". Nikayapigia mstari maneno yote hayo na kuandika pembeni: "Maneno haya umeyatoa wapi? Tumia istilahi zilizokubalika." Alinijia ofisini akiwa ameishika karatasi yake, akaniuliza kwa adabu, "Istilahi zilizokubalika ni zipi, Mwalimu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia akatafute. Wiki iliyofuata alibadilisha mada, akatafsiri hotuba ya bajeti, na muhula ule wote hakuinua mkono tena darasani.

Haya yote nilikuwa nimekwisha kuyasahau hadi siku niliyokwenda Uswisi kwa shughuli za lugha. Ilikuwa Februari. Mwenyeji wangu, mwalimu kama mimi, alinichukua kwa treni nyekundu inayopanda milimani kutoka mji wa Chur hadi St. Moritz, kwa safari ya kama saa mbili hivi, tukipita katika mahandaki na juu ya madaraja marefu ya mawe. St. Moritz uko katika bonde la Engadin, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa sisi tuliokulia nyanda za juu za Kenya, kimo hicho si cha kutisha. Kinachotisha ni kwamba ziwa la mji huo huganda wakati wa baridi, likawa gumu kiasi cha kubeba farasi, mahema na maelfu ya watu.

Inasimuliwa kwamba hadi katikati ya karne ya 19 wageni walifika huko majira ya joto tu. Mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwawekea dau wageni wake Waingereza: warudi wakati wa baridi, na wasipopendezwa yeye atawalipia nauli. Walirudi, nao wakakaa hadi Pasaka. Iwe hivyo ndivyo ilivyokuwa au hadithi imeongezwa chumvi, ni kweli kwamba mji huo ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kuigeuza baridi kuwa biashara. Olimpiki ya majira ya baridi imefanyika hapo mara mbili, 1928 na 1948.

Asubuhi ya kwanza nilipelekwa kwenye mteremko wa wanagenzi. Nilivalishwa viatu vizito vya plastiki ngumu, nikafungiwa mbao mbili miguuni na kupewa fimbo mbili mikononi. Nilitarajia kufundishwa kwenda. Mwalimu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alianza kwa kunifundisha kuanguka. Ukiona mwendo umekushinda, alisema, angukia ubavuni, usiangukie mbele wala kukalia visigino. Kisha akanifundisha kuinuka. Baada ya hapo ndipo tulipofika kwenye kusimama, na hapo alitumia neno lililonichangamsha: plau. Kwa Kijerumani mbinu ya kupunguza mwendo huitwa jembe la kulimia kwa ng'ombe, kwa sababu unazikutanisha ncha za mbele za skii na kuzitanua za nyuma, zikalima theluji kama plau inavyolima shamba. Watu wa mlimani, walipohitaji jina la tendo jipya, hawakungoja kamati. Walichukua neno la shambani.

Nilianguka mara tisa. Mara ya kumi nilishuka, labda mita hamsini, nikasimama kwa plau yangu mwenyewe. Papo hapo nikaukumbuka utoto wangu, tulipokuwa tukikalia maganda ya mgomba na kushuka kilima kilicholowa mvua huku mama zetu wakitukemea kwa kuchafua kaptula. Je, tendo hilo tuliliitaje? Hatukusema tunateleza. Kuteleza ni kupatwa na jambo. Mguu umekuponyoka bila hiari yako. Sisi tulikwenda kwa hiari. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo, nacho kimo katika kamusi tangu zamani: kuserereka, yaani kwenda kwa ulaini juu ya kitu, hasa mteremkoni. Ndicho kitenzi alichokitumia mwanafunzi wangu. Nami nilimuuliza amekitoa wapi!

Alasiri mwenyeji wangu alinionyesha mlima wa Corviglia, ambako mabingwa hushindana. Mapambazuko huikuta miteremko yake imeshindiliwa na kulainishwa na mashine zenye minyororo kama ya vifaru vya vita, zilizofanya kazi usiku kucha. Upo hapo mwanzo wa mbio za wanaume uitwao Freier Fall, maana yake "anguko huru". Mahali hapo mteremko una nyuzi 45, na mshindani hupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde chache. Mbio zenyewe ni za aina kadhaa. Ipo ile ya kushuka moja kwa moja, ambayo kasi ndiyo kila kitu. Na zipo zile za kupinda kati ya milingoti, ambazo wepesi wa mwili hushinda kasi. Katika mashindano ya dunia yaliyofanyika mlimani hapo mwaka 2017 alikuwapo Sabrina Simader, msichana aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria tangu utotoni, naye alishindana kwa jina la Kenya. Mwaka uliofuata alibeba bendera yetu katika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Nilijiuliza: mtangazaji wetu angemsimuliaje binti huyu kwa Kiswahili? Je, angesema kwamba bendera ya Kenya imeteleza?

Chini ziwani mambo yalikuwa mengine. Tangu mwaka 1907 farasi hukimbizwa juu ya barafu ya ziwa hilo, kwato zao zikiwa zimepigiliwa njumu. Katika mbio za aina moja farasi hana mpandaji. Nyuma yake yupo mtu juu ya skii, ameshika hatamu ndefu, akivutwa kwa kasi huku theluji ikimrukia usoni. Kando ya ziwa nikawaona wazee kwa vijana wakienda kwa skii tambarare, mkono na mguu vikipishana, pumzi zikitoka kama moshi. Hao walikuwa wakijiandaa kwa mbio za kilomita 42 zinazoanzia Maloja hadi S-chanf kila mwezi Machi, na ambazo zilianzishwa mwaka 1969. Nilipowatazama nikaona kwamba huu si mserereko hata kidogo. Huku ni kukimbia, kwa mapafu na mapaja yale yale yanayoshindana huko Eldoret na Iten. Huu ndio mchezo wa Boit. Sisi Wakenya tuna jina la mbio zinazopita mabondeni na vichakani badala ya uwanjani: mbio za nyika. Basi hizi ni nini kama si mbio za nyika za theluji? Mwanafunzi wangu alikuwa ameyaona haya akiwa amekaa maktabani, asijapata kukanyaga theluji.

Sehemu ya tatu niliyopelekwa ni njia za barafu. Mojawapo, ya vile vigari vyenye vyuma badala ya magurudumu, ina urefu wa kilomita 1.7 na hujengwa upya kila mwaka kwa theluji na maji tu, bila mitambo ya kugandisha. Mafundi wanaoijenga wengi hutoka Tirol Kusini, nchini Italia, na inapofika masika kazi yao yote huyeyuka. Njia ya pili, iitwayo Cresta, ilijengwa mara ya kwanza katika majira ya baridi ya 1884 na 1885. Hapo mtu hulala kifudifudi juu ya kibao cha chuma, kichwa kikitangulia, uso ukiwa karibu na barafu. Kwa muda mrefu ilikuwa njia ya wanaume peke yao, maana wanawake walikatazwa mwaka 1929 na hawakurudishiwa haki hiyo hadi 2018. Ipo kona moja katika Cresta ambayo huwatupa nje wengi, wakaangukia theluji na majani makavu yaliyowekwa kuwapokea. Walioanguka hapo wana chama chao, nao huruhusiwa kuvaa tai maalumu ya chama hicho. Hebu fikiri, msomaji: anguko limegeuzwa kuwa sare ya heshima! Nikafikiria wino wangu mwekundu, na tai ambayo mwanafunzi yule hakuvishwa.

Jioni, mbele ya supu ya shayiri, tuligeukia lugha. Mwenyeji wangu ni msemaji wa Kiromanshi, lugha ya kale ya bonde lile, iliyotokana na Kilatini. Kwa lugha hiyo mji wa St. Moritz huitwa San Murezzan. Nilimuuliza, "Ninyi mlioishi ndani ya theluji karne na karne, skii mnaiitaje?" Akacheka. "Skii," akasema. Neno hilo wamelikopa kama walivyolikopa Waingereza, Wafaransa na Waitaliano. Mwenye neno ni Mnorwe, na maana yake ya asili ni kipande cha ubao uliopasuliwa. Aina ya mbio za kupinda kati ya milingoti, slalom, nayo ina jina la Kinorwe. Majina ya michezo ya njia za barafu yametoka kwa Waingereza, watu ambao kwao hakuna mlima wa kulinganishwa na Alps.

"Kwa hiyo ninyi mmekopa tu?" nikamuuliza. "La, nasi tumekopesha," akanijibu. Neno wanalotumia Wajerumani kwa poromoko la theluji, lile linalofukia vijiji, ni Lawine, nalo limetoka katika lugha za milima hiyo, ambamo huitwa lavina. Lavina nayo chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuteleza. Na kutokana na kitenzi hicho hicho Walatini walipata neno lapsus, ambalo maana yake ni kuteleza na pia kukosea. Nilibaki kimya. Kumbe si Waswahili peke yao walioona udugu wa utelezi na kosa. Na kumbe lugha ndogo ya watu kama elfu 60 inaweza kukopa neno la mchezo kwa mkono mmoja, na kukopesha neno la msiba kwa mkono wa pili, isione haya kwa lolote.

Tena sisi wenyewe tumekuwa tukifanya hivyo tangu jadi. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu. Barafu tumeipata kwa Waajemi, ambao kwao neno barf maana yake ni theluji. Mabaharia na wafanyabiashara wa pwani walipokea maneno mawili ya kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona, wakayagawia kazi: hili la kile kinachoanguka kutoka mbinguni kikiwa laini, lile la maji yaliyoganda. Huo ni ufundi, ndugu msomaji, si umaskini. Mwaka 1848 mmishenari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake, kwa kukosa jina la kitu kile, alikiita "baridi". Wapo wataalamu wa London waliokanusha kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na Ikweta, ilhali wao hawakuwahi kufika. Aliyekuwapo mlimani alitafuta neno la karibu akalitumia. Waliokaa vitini wakakataa. Katika kisa hicho nilijiona mimi mwenyewe, nami nilikuwa upande wa wakaa vitini.

Basi nitoe rai yangu kwa walimu wenzangu. Chombo tukiite skii, kwa kuwa dunia nzima imekiita hivyo. Tendo la kushuka mlima kwa chombo hicho tuliite kuserereka, na mchezo wenyewe mserereko. Safari ndefu za tambarare ziwe mbio za nyika za theluji. Mbinu ya kupunguza mwendo iwe plau. Kuteleza tukuache kubaki na maana yake, yaani lile jambo linalomfika mtu pasipo kupenda, ingawa sitamkata alama mtoto anayesema "kuteleza kwenye barafu", maana magazeti na redio zimekwisha kumzoesha. Atakayekuwa na neno bora zaidi na alilete.

Huenda msomaji akauliza: tuna haja gani ya maneno haya, sisi ambao hatuna theluji? Jibu la kwanza ni kwamba watoto wetu wako huko tayari. Boit alirudi katika Olimpiki za 2002 na 2006, Simader alimfuata, na Septemba 2024 Kenya ilikubaliwa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Kuwashangilia watoto hao kwa lugha ya kukopa yote ni kuwashangilia kwa nusu ya mdomo.

Jibu la pili ni zito zaidi. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba katika karne ya 19 Kiromanshi ndicho kilichotawala barabara za mji wao. Mwaka 1938 Waswisi walikipigia kura kikawa mojawapo ya lugha za taifa. Lakini mjini St. Moritz leo utasikia Kijerumani, Kiitaliano, Kireno na Kiingereza kabla ya kukisikia hicho. Mchezo ulileta fedha, fedha zikaleta watu, na wenyeji wakaanza kuzungumza na wageni kwa lugha za wageni, kisha na watoto wao vivyo hivyo. Kura haikutosha. Lugha haihifadhiwi kwa kutangazwa rasmi, huhifadhiwa kwa kutumiwa katika mambo mapya, hata yale ya anasa na mchezo. Sisi nasi Kiswahili chetu kimo katika Katiba ya mwaka 2010 kama lugha ya taifa na lugha rasmi. Tusije tukalala juu ya karatasi hiyo.

Na jibu la tatu ni la huzuni. Theluji yenyewe inaondoka. Huko Alps mito ya barafu inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na katika miteremko mingi mitambo hurusha matone ya maji hewani usiku ili yagande yawe theluji ya kubandika. Hapa kwetu barafu ya Lewis katika Mlima Kenya imebaki kipande kidogo cha ilivyokuwa wazee wetu walipokuwa wadogo. Huenda wajukuu wetu wakaikuta theluji ya Kirinyaga katika kamusi tu. Neno huweza kuishi baada ya kitu chake, lakini sharti awepo wa kulitumia.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta yule mwanafunzi. Siku hizi naye ni mwalimu katika shule ya upili. Nilimpigia simu, nikamwambia wazi kwamba nilimkosea, na kwamba maneno yake yalikuwa sahihi kuliko wino wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Karatasi ile ninayo bado, Mwalimu. Huwasomea wanafunzi wangu." Nikamwomba ruhusa ya kuyatumia maneno yake gazetini, akanikubalia.

Walimu wenzangu, mwanafunzi anapofika ukingoni mwa lugha na kujaribu hatua ambayo haijakanyagwa, huenda akayumba. Yule kijana wa mlimani alinifundisha kuanguka na kuinuka kabla ya kunifundisha kwenda. Nasi kabla ya kuchovya kalamu katika wino mwekundu, tujiulize kwanza kama mtoto huyu ameteleza, au anaserereka.